Kabla ya Kukata Utepe, Muulizeni Fundi wa Maabara

Nilimkuta fundi wetu wa maabara kazini saa nane usiku. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, nimerudi kuchukua daftari nililolisahau, nikaona mwanga chini ya mlango wa chumba cha hadubini ya elektroni. Nikabisha. Alikuwa amevaa sweta, chupa ya chai iko pembeni, macho yake kwenye picha ya nondo iliyokatika.

"Shikamoo, Mzee. Mbona saa hizi?"

"Marahaba, mwanangu. Saa hizi lifti imelala na malori yamepungua. Picha inatulia."

Akanionyesha picha alizopiga mchana. Kingo zake zote zilikuwa na meno kama msumeno. Kisha akafungua ya usiku ule: ufa mwembamba, safi, unaoweza kuufuata kwa kidole tangu ulipoanzia kwenye kidoa cha kutu mpaka ulipoimaliza nondo yote. "Hii mashine wameiweka kwenye nyumba ya watu," akasema. "Nyumba yake yenyewe haijajengwa bado."

Chumba kilikuwa ghorofa ya tatu, ukuta kwa ukuta na lifti. Fremu ya mlango ilikuwa imebomolewa na kuzibwa upya, kwa sababu siku mashine ilipoletwa kreti lake halikupita. Kwa miaka yote niliyokaa pale, mzee yule alilala mchana na kufanya kazi usiku ili vipimo vyetu viwe vya kweli, na hakulipwa hata shilingi ya ziada. Chuo chenyewe sikitaji, maana kosa lile nimekuja kuliona tena kwingine, na kila mara limezaliwa mahali pamoja: kwenye meza ya kupanga jengo, wakati fundi hayupo.

Nayakumbuka hayo sasa kwa sababu vyuo vikuu vyetu viko katika msimu wa kujenga. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, umepeleka mkandarasi na zege katika kampasi ambazo kwa miaka mingi zilikuwa zikipaka rangi tu majengo ya zamani. Maabara zinainuka, madarasa yanainuka. Nafurahi kila nipitapo nikaona nguzo mpya. Lakini mkopo ni mkopo, watakaoulipa ni watoto walio darasa la tatu leo, na jengo la maabara lililokosewa halirekebishiki kwa kupaka rangi.

Ombi langu ni moja. Jengo linalofuata la sayansi ya maada, popote litakapojengwa, lisianze kuchorwa mpaka fundi wa maabara awe amekaa mezani. Akae kabla msanifu hajachora mstari wa kwanza, na kabla mkuu wa chuo hajaonyeshwa ile picha ya rangi yenye vioo na miti iliyokwishakua.

Kwa msomaji asiye wa fani hii, sayansi ya maada ni elimu ya kuchungulia ndani ya vitu tunavyojengea na tunavyotumia. Inauliza kwa nini nondo moja inapinda na nyingine inakatika ghafla. Inauliza kwa nini bati la mwaka juzi limeshika kutu wakati lile la babu bado lipo, udongo mweupe wa Pugu unafaa kwa vigae gani, nyuzi za mkonge wa Tanga zikichanganywa na plastiki zitabeba uzito kiasi gani. Ni fizikia, kemia na uhandisi vikila sahani moja. Kule Arusha, Taasisi ya Nelson Mandela, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011, ina skuli nzima inayoshughulikia maada pamoja na nishati, maji na mazingira. Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watu wa fizikia na wa uhandisi wamekuwa wakiifanya kazi hii kwa miongo. Kwa hiyo fani haianzi leo. Inachokosa katika nchi hii ni nyumba inayoifaa.

Na nchi inaihitaji. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo na watu wakafa chini ya kifusi, wengine wakisikika wakiongea kwa simu kutoka gizani. Sitasema hapa chanzo kilikuwa nini, hiyo ni kazi ya wachunguzi. Ninachojua ni kwamba kila ghorofa linapoanguka tunarudi kwenye maswali yale yale: nondo ilikuwa ya daraja gani, saruji ilikuwa kiasi gani, mchanga ulitoka wapi, nguzo ilikatwa na nani. Maswali matatu ya kwanza hujibiwa maabara. Hujibiwa na mtu aliyekata kipande, akakisugua mpaka kikang'aa kama kioo, akakitia tindikali kidogo, akakitazama.

Au tukumbuke makinikia, ule mchanga wa madini. Machi 2017 makontena 277 yalizuiwa bandarini Dar es Salaam, na kwa miezi kadhaa taifa zima likabishana juu ya kilichomo ndani. Kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ilichukua sampuli, ikapima, ikatoa ripoti mwezi Mei, na kampuni ya uchimbaji ikayakataa matokeo. Siasa yake kila mtu anaikumbuka kwa namna yake. Mimi nilichojifunza ni kitu kidogo na kikubwa kwa pamoja: ubishi wa mabilioni ulikuwa umesimama juu ya kijiko cha unga na mashine ya kukipima. Nchi yenye madini namna hii ilitakiwa iwe na maabara ambayo hata mpinzani wake anaiamini, na maabara huaminika kwa vipimo vinavyorudi vilevile leo, kesho na mwaka ujao. Vipimo vya namna hiyo havitoki kwenye chumba kinachotetema.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unahusu kinywe. Wenyeji wa Mahenge na Lindi wanalijua jiwe hili jeusi linaloacha alama mkononi kama penseli, kwa sababu ndilo lililo ndani ya penseli. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Manchester huko Uingereza, Andre Geim na Konstantin Novoselov walitoa taarifa kwamba wamekibandua kinywe kwa seloteipu ya kawaida, tabaka baada ya tabaka, mpaka wakabaki na utando wenye unene wa atomu moja tu. Utando huo unaitwa grafini. Mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Watu wengi huishia hapo kwenye seloteipu, wakahitimisha kwamba akili inatosha na jengo si kitu. Mimi naomba tuendelee na hadithi. Chuo kile baadaye kiliamua kujenga taasisi ya grafini, iliyofunguliwa mwaka 2015 kwa gharama ya pauni milioni 61. Novoselov mwenyewe, pamoja na Nobel yake, alikaa na wasanifu majengo akabishana nao juu ya vyumba, mabomba na mahali pa kuweka kila kitu. Chumba kikuu kisicho na vumbi wakakishusha chini kabisa, chini ya usawa wa barabara, ili kikae imara mbali na mitikisiko ya mji. Mtu ambaye vidole vyake ndivyo vilivyoshika seloteipu ndiye aliyekuwa mezani. Kwetu, katika kamati za ujenzi nilizowahi kuzikaribia, utawakuta mkuu wa mipango, mhasibu, mkadiriaji majenzi, mhandisi mshauri, na profesa mmoja ambaye mara ya mwisho kuwasha tanuru kwa mkono wake ilikuwa zamani. Fundi huitwa siku ya kukabidhiwa funguo.

Angekuwepo, angeanza na sakafu.

Wahandisi wa mitetemo wana kipimo chao, kilichobuniwa mapema miaka ya 1980 kwa ajili ya viwanda na maabara za mashine nyeti. Ofisi ya kawaida inaruhusiwa kutetema hadi maikromita 400 kwa sekunde, kiwango ambacho mtu aliyekaa kwenye kiti anaweza kukihisi. Chumba cha hadubini ya elektroni yenye nguvu kinatakiwa kisizidi kama maikromita 6 kwa sekunde, na kwa zile kali zaidi 3 tu. Yaani, kwa hizo kali zaidi, utulivu zaidi ya mara mia kuliko ule unaotakiwa ofisini. Kwa hiyo mtu hawezi kusimama katikati ya kiwanja, akapiga mguu chini na kusema hapa panafaa. Lifti inatikisa. Pampu ya maji juu ya paa inatikisa. Feni ya kiyoyozi iliyofungwa kwenye ukuta huohuo, mlango unaobamizwa, wanafunzi 300 wanaotoka darasani kwa pamoja, lori la kokoto linaloruka tuta nje ya geti: vyote hivyo vinafika kwenye mashine kabla havijafika masikioni mwako. Sakafu ya ghorofa ya juu, hata ikiwa imara kwa binadamu, kwa mashine hizi inacheza kama chaga za kitanda.

Dawa yake inajulikana na si ghali, ikiwekwa mapema. Mashine nyeti zikae chini, juu ya ardhi yenyewe, kwenye bamba la zege nene lililotenganishwa na jengo lote kwa mwanya, ili mtikisiko wa nguzo usivuke. Lifti na transfoma viende upande wa pili kabisa wa jengo, maana licha ya kutetema, lifti ni tani za chuma zinazopanda na kushuka, na chuma kikubwa kikitembea huvuruga sumaku inayoongoza mionzi ya elektroni. Nyaya kuu za umeme zisipite chini ya chumba hicho. Udongo uchunguzwe kwa makini, hasa kwenye ule mweusi wa mbuga unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Na kabla ya yote, kipimo cha mitetemo kiwekwe kwenye kiwanja kwa wiki nzima, mchana na usiku, chuo kikiwa kimefunguliwa na barabara ikiwa na magari. Gharama ya wiki hiyo ni ndogo kuliko gharama ya sherehe ya kuweka jiwe la msingi. Sijawahi kuiona imefanywa.

Kisha fundi angeuliza kreti litapita wapi. Swali hili linaonekana dogo mpaka siku ya kubomoa ukuta. Mashine inashushwa kwenye lori. Je, lori linafika? Kuna jukwaa la kushushia au vijana 12 watabeba kwa kamba? Korido ina upana gani pale inapokata kona? Sakafu ya njiani inabeba tani 2? Mlango una urefu gani, pamoja na kizingiti? Fundi huijua njia hiyo kwa sababu ndiye atakayetembea nyuma ya kreti akiomba Mungu.

Halafu hewa. Hapa ndipo tunaponakili bila kufikiri. Jengo la vioo linalopendeza kwenye nchi ya baridi, ambako kila mwale wa jua ni neema, likiletwa Dar es Salaam na kutazamishwa magharibi linakuwa tanuri kuanzia saa nane mchana, na kiyoyozi kinapigana nalo mpaka usiku. Asubuhi za masika unyevu wa pwani hupita asilimia 80. Nimeona lenzi za hadubini zilizoota ukungu, nyuzi nyeupe zimesambaa kwenye kioo kama mizizi, kwa sababu viyoyozi huzimwa Ijumaa jioni kubana matumizi na kuwashwa Jumatatu. Kemikali zinazovuta maji hugandamana kwenye chupa zake. Sampuli ya unga iliyopimwa uzito asubuhi si ile ya jioni.

Na makabati ya kunyonya moshi, ambamo mwanafunzi huchanganyia tindikali, yana siri ambayo mhasibu huigundua mwaka wa pili: kila kabati linanyonya hewa ya chumbani na kuitupa nje ya paa, na hewa hiyo ni ileile mliyolipia umeme kuipoza na kuikausha. Makabati 20 yakiwa wazi mchana kutwa ni sawa na kupoza mtaa. Kwa hiyo vyumba vya kazi za moshi vikae pamoja, mabomba yao yapande wima kwa njia fupi, na urefu kutoka sakafu hadi sakafu upite mita 4 ili mifereji ya hewa ipate nafasi juu ya dari. Ukichora ghorofa za maabara kwa urefu wa ghorofa za ofisi, umeshaliua jengo kwenye karatasi. Vyumba vya mihadhara na ofisi havihitaji hayo yote. Vinaweza kupata madirisha mapana, upepo wa bahari, mabaraza yenye kivuli kama walivyojua kujenga wazee wa Mlimani miaka ya 1960, na kiyoyozi kikabaki kwa mashine zisizoweza kuishi bila hicho.

Gesi nazo. Lita 1 ya naitrojeni ya maji, iliyo kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, ikichemka inatoa karibu lita 700 za gesi. Chombo kikimwagika kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, gesi hiyo inaisukuma oksijeni nje na mtu anaanguka bila kusikia harufu wala kukohoa. Ndiyo sababu mafundi waliofunzwa hawapandi lifti moja na chombo cha naitrojeni: chombo hupanda peke yake, mtu akakipokea juu. Jengo lenye lifti moja tu, ya watu na mizigo na gesi, linamlazimisha fundi kuchagua kila siku kati ya usalama wake na kazi yake. Mitungi ya haidrojeni na asetilini inataka banda lake nje, lenye kivuli na matundu ya hewa, na mabomba yanayoingia ndani. Michoro mingi haina banda hilo. Mitungi huishia koridoni, imefungwa kwa mnyororo wa baiskeli kwenye nondo za dirisha.

Umeme sitauzungumzia sana, kila Mtanzania ni mtaalamu wake. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limebadilisha hesabu ya nchi, lakini maabara haiangalii megawati, inaangalia sekunde. Kukatika kwa sekunde 2 kunatosha kuharibu sampuli iliyokuwa tanuruni kwa saa 30. Hadubini ambayo ndani yake hamtakiwi kuwa na hewa hata chembe inaweza kuchukua siku nzima kurudi katika hali yake. Chumba cha betri kinachoshika mzigo mpaka jenereta iamke ni kiungo cha jengo kama ngazi. Kiwemo kwenye mchoro tangu mwanzo, kisije kikatafutiwa kona baadaye kwenye stoo ya mafagio.

Kuna jambo moja la kale linalonisaidia kufikiri. Mwaka 1978 jarida la Science lilichapisha kazi ya Peter Schmidt na Donald Avery kuhusu ufuaji wa chuma wa Wahaya, kule Kagera, ufundi ambao mabaki yake yana umri wa zaidi ya miaka 1,500. Watafiti hao walikuwa wamewaendea wazee waliokumbuka kazi ile, wakajengewa tanuru upya na kuyeyushiwa chuma mbele ya macho yao. Wataalamu wamebishana tangu hapo kuhusu tafsiri ya joto na hewa ndani ya tanuru lile, na ubishi huo wauendeleze. Mimi navutwa na utaratibu wa ujenzi. Wazee walianza na shimo. Wakalipaka ndani, wakachoma humo majani ya bwawani mpaka yakawa makaa membamba, ambayo baadaye yangekutana na chuma. Wakafinyanga mabomba ya udongo ya mivukuto, wakijua yataingia ndani ya moto kiasi gani. Umbo la nje lilikuja mwisho, likifuata mahitaji ya moto. Waliojenga tanuru ndio waliovukuta. Hakukuwa na mtu aliyechora tanuru ambalo hatalikaribia likiwaka.

Sasa, jengo hili la sayansi ya maada ni la kufundishia pia, na hapa nina kinyongo na desturi ya kuwafungia wanafunzi wa mwaka wa kwanza nje ya vyumba vya mashine kwa miaka 3, wakisoma hadubini kwenye slaidi. Mlangoni pangekuwa na karakana: tanuru, nyundo, mashine ya kuvuta nondo mpaka ikatike. Mwanafunzi asikie ule mlio siku ya kwanza. Ukuta wa chumba cha hadubini upande wa korido uwe na kioo, na skrini nje, ili anayepita aone kinachotazamwa ndani bila kuingia na vumbi lake. Kule Marekani, jengo la MIT.nano lililofunguliwa mwaka 2018 liliwekwa katikati kabisa ya kampasi, na mpita njia anaweza kuwaona kwa dirishani watu wakiwa kazini ndani ya mavazi meupe. Walitumia dola milioni 400, fedha ambazo hatuna. Dirisha tunalo.

Na paa. Dar es Salaam na Tanga na Mtwara zina kitu ambacho maabara za nchi za baridi hulazimika kukitengeneza ndani ya sanduku: jua kali, unyevu na chumvi ya bahari, bure, mwaka mzima. Paa la jengo letu lisiwe la matangi tu. Liwe shamba la majaribio, vipande vya mabati, rangi, nondo zilizopakwa na zisizopakwa, paneli za jua, chokaa iliyochomwa kwa matumbawe kama ile ya magofu ya Kilwa, kila kimoja na tarehe yake, na kila kizazi cha wanafunzi kikiandika kilichobadilika. Baada ya miaka 10 mkusanyo huo ungekuwa na thamani kuliko mashine yoyote, na mwenye kiwanda cha mabati angekuja mwenyewe kupiga hodi.

Najua pingamizi. Nitaambiwa kwamba vyuo vyetu vinahangaika na vyoo na mabweni, na mimi nazungumzia maikromita. Nakubali nusu. Si kila chuo kinahitaji hadubini ya mabilioni, na kwa maoni yangu kuzigawa mashine nzito kwa kila kampasi ili pasiwe na mnung'uniko ni njia ya uhakika ya kuziua zote. Tujenge mahali pamoja pa mashine nzito, pawe pa wote, mtafiti wa Mbeya na wa Morogoro wapange foleni moja na yule wa palepale, na vyuo vingine vipate karakana na maabara nzuri za kufundishia. Mahali hapo pawe wapi sibishani, mradi ardhi imepimwa. Nusu ya pili siikubali. Chumba kilichopangwa vizuri hakigharimu zaidi ya kilichopangwa vibaya kwa kiasi cha kutisha. Kinachogharimu ni kubomoa. Na kama fedha za mashine hazipo leo, chumba cha chini chenye bamba lake kiachwe kikisubiri. Kitumike kwa mitihani hata miaka 5. Kitakuwa tayari.

Lisiloweza kusubiri ni fedha za kuendesha jengo. Mashine inanunuliwa kwa mradi, mradi una mwisho, na kipuri kinaharibika mwaka wa 4. Mkataba wa matengenezo wa hadubini moja kwa mwaka unaweza kuzidi mshahara wa profesa, na hakuna mfadhili anayependa jina lake libandikwe kwenye mkataba wa matengenezo. Kamati inayopitisha michoro ipitishe, siku hiyohiyo na kwa muhuri huohuo, fungu la kila mwaka la vipuri, la gesi, la umeme na la mafundi: mishahara yao, ngazi zao za kupanda, safari zao za kwenda kujifunza kiwandani kule mashine inakotengenezwa. Leo fundi mwenye ujuzi wa miaka 20 anapokea chini ya mhadhiri msaidizi ambaye fundi huyo ndiye aliyemfundisha kuwasha mashine. Wengi wao wamehamia migodini, na siwalaumu.

Mwezi uliopita nilimpigia simu yule mzee wa saa nane usiku. Amestaafu, yuko kwao Korogwe, analima machungwa. Nikamwambia naandika makala hii, nikamwuliza kama angeitwa leo kwenye kamati angetaka nini. Hakufikiri hata kidogo, ilikuwa kama mtu anayesoma orodha aliyoiweka mfukoni miaka yote. Mlango wa mita 2 na nusu. Mfereji wa maji sakafuni, maana bomba la kupoza likipasuka usiku maji hayana pa kwenda. Soketi ziwe usawa wa kiuno, zisiwe nyuma ya mashine. Lifti mbili. Stoo yenye mwanga. Akanyamaza, nikadhani mtandao umekatika.

"Na chumba cha fundi," akasema. "Pale tulikuwa chini ya ngazi, si unakumbuka? Kiwe na dirisha."